Shaaban Robert: Karani Aliyeishi na Kalamu



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mwenye kumneemesha mja wake kwa elimu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu watukufu na wapenzi wanafunzi, tumezoea katika kurasa kama hizi kusoma habari za Masahaba, maimamu na wanazuoni wakubwa. Mara hii tumtazame mtu ambaye hakuwa sheikh wala kadhi. Alikuwa Muislamu wa kawaida, karani wa serikali, baba wa watoto, mtu mwenye mshahara mdogo na mawazo mengi. Huyu ni Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkuu wa Kiswahili.

Jina lake mnalijua kutoka shuleni. Wengi wenu mmekariri majina ya vitabu vyake kwa ajili ya mtihani. Lakini mtu mwenyewe alikuwaje? Alipenda nini? Alihofu nini? Alipotoka kazini jioni alifanya nini? Haya ndiyo tunayotaka kuyaangalia, kwa sababu mtu mkubwa akitazamwa kwa mbali huonekana kama mlima, lakini akitazamwa kwa karibu tunaona kwamba naye alikuwa akihangaika kama baba zetu na mama zetu wa Dirma, Katesh na Mbulu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, eneo la Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Inaelezwa kuwa ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao, watu wa kusini, lakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa ni Mswahili, mtu wa lugha hii na wa mwambao huu.

Wanafunzi huuliza: mbona jina lake la pili ni Robert, naye alikuwa Muislamu? Jibu ni kwamba jina halikumbadilisha mtu. Alizaliwa katika Uislamu, akaishi akiwa Muislamu na akafa akiwa Muislamu. Tusiwe wepesi wa kumpima mtu kwa jina kabla ya kujua mwendo wake.

Alianza shule akiwa mkubwa kidogo. Kuanzia mwaka 1922 hadi 1926 alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, yaani tangu alipokuwa na umri wa miaka 13 mpaka 17. Alimaliza akashika nafasi ya pili katika kundi lake na kupata cheti cha kumaliza shule. Baada ya hapo hakuingia chuo kikuu chochote. Elimu ya darasani ilikomea hapo. Iliyobaki yote aliitafuta mwenyewe kwa kusoma, kusikiliza na kuandika.

Hapa pana faraja kwa kijana wa kwetu ambaye nyumbani anazungumza Kiiraqw au Kidatoga, na Kiswahili akakikuta shuleni na madrasa. Lugha ni ya yule anayeitumikia. Asiyezaliwa nayo anaweza kuipenda na kuijua akampita aliyezaliwa nayo.

KAZI YAKE YA KILA SIKU

Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa karani wa forodha. Kazi ya forodha ni kukagua mizigo inayoingia na kutoka bandarini, kuandika hesabu zake na kutoza ushuru. Ni kazi ya madaftari, mihuri na tarakimu. Aliifanya kwa miaka 18, mpaka mwaka 1944, katika vituo mbalimbali vya pwani, Pangani ikiwa mojawapo.

Baadaye alihamishiwa idara iliyohusu wanyama, akapelekwa bara, Mpwapwa. Fikiria, ndugu msomaji: mtu aliyezoea bahari, minazi na mashua anajikuta katika nchi ya ukavu, ng'ombe na vumbi, mbali na jamaa zake. Sisi wa Hanang tunaijua nchi ya namna hiyo, kwetu ni nyumbani. Kwake yeye ilikuwa ugenini. Mwaka 1946 alirudi Tanga akafanya kazi katika ofisi ya utawala, na tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi, mpaka alipostaafu mwaka 1960.

Jumla ni miaka 34 ya utumishi. Katika miaka hiyo yote Mwafrika ofisini alikuwa chini. Hata akiwa hodari namna gani, vyeo vya juu na mishahara minono vilikuwa vya wengine. Shaaban Robert alikaa kwenye meza hiyo ya chini, akafanya kazi yake kwa uaminifu, na muda uliobaki akautumia kwa jambo alilolipenda.

ALICHOKIPENDA

Kila mtu ana kitu ambacho moyo wake unakikimbilia akipata nafasi. Mmoja hupenda mpira, mwingine hupenda kufuga njiwa, mwingine kukaa kijiweni kuzungumza. Shaaban Robert alipenda maneno. Alipenda neno zuri kama mwingine anavyompenda ng'ombe mzuri: alitazame, alisifu, alifikirie, alitunze.

Alianza kwa mashairi. Siku hizo lilikuwapo gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, ambalo lilikuwa na ukurasa wa mashairi ya wasomaji. Washairi wa Tanganyika nzima walijibizana humo, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemwajiri kuandika. Kazi ya ofisi ilikwisha, akala, akaswali, na kalamu ikaanza.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1939 hadi 1945, wakati watu wengi walisikiliza habari za vita na kuzisahau, yeye alizikusanya akazitungia utenzi. Utenzi wa Vita vya Uhuru una beti zipatazo 3,000. Kila ubeti wa utenzi una mistari minne yenye mizani na vina. Mtu atunge beti elfu tatu, naye mchana ana madaftari ya ofisi! Hiyo haiwezi kuwa kazi ya mtu asiyependa.

Aliandika pia hadithi, insha na wasifu. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini wa kijiji cha Fumba na kufariki mwaka 1950. Alifasiri hata mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi. Hatusemi kuwa kila alichokifasiri au kukitunga ni cha kufuatwa katika dini. Muislamu hupima kila maneno kwa mizani ya Qurani na Sunna. Lakini juhudi yake ni ya kusifiwa, na mengi katika maandishi yake yanahimiza tabia njema, haki na kumcha Mwenyezi Mungu.

TABIA ZAKE ZA PEKEE

Mwandishi huyu alikuwa na mambo yake ambayo ukiyajua humsahau.

La kwanza ni namna alivyotoa majina. Hakutoa jina bure. Nchi ya kwenye hadithi aliiita Kusadikika, kwa kuwa ni nchi ya kusadiki tu, inayoelea angani. Nyingine aliiita Kufikirika. Mkulima mwenye utu bora alimwita Utubora. Mtu mwadilifu alimwita Adili. Aliyetetea sheria na elimu mbele ya wakubwa wa Kusadikika alimwita Karama. Msomaji akilisikia jina, ameshapewa nusu ya habari. Waislamu tunalielewa jambo hili vizuri, maana tumefundishwa kuwapa watoto wetu majina yenye maana njema.

La pili, vitabu vyake aliviita kama mtu anayepanga vito. Kimoja ni Pambo la Lugha, kingine Koja la Lugha, kingine Almasi za Afrika. Pambo, koja, almasi: maneno ya harusi na sherehe! Wakati ambapo baadhi ya wasomi waliona fahari kuzungumza Kiingereza tu, karani huyu alikivisha Kiswahili dhahabu. Lugha ya mama aliifananisha na maziwa ya mama, ambayo mtoto hawezi kuyapata kwingine. Na kitabu kingine akakiita Ashiki Kitabu Hiki, kana kwamba anamshika msomaji mkono na kumwomba akipende.

La tatu, alikuwa mkali juu ya kanuni za ushairi. Kwake yeye shairi lilihitaji vina. Mtu aliyefanya kazi ya hesabu mchana, usiku alihesabu mizani. Huenda ofisi ya forodha ilimfundisha uangalifu huo, kwa kuwa karani wa forodha akikosea tarakimu moja hesabu yote huharibika.

La nne, alipenda kujichunguza. Aliandika habari za maisha yake katika Maisha Yangu, na baadaye akaendeleza kwa Baada ya Miaka Hamsini. Si kawaida ya mtu wa makamo yake wakati ule kukaa chini na kuuliza: nimefanya nini, nimekosa nini, nimejifunza nini? Wanazuoni wetu huita jambo hili kuihesabu nafsi kabla ya kuhesabiwa.

YALIYOMKOSESHA RAHA

Tusidhani kwamba maisha yake yalikuwa mashairi matupu. Shaaban Robert alikuwa na hofu na huzuni zake.

Mkewe, Amina, alifariki akamwachia watoto. Huzuni hiyo aliitungia shairi ambalo mpaka leo linasomwa shuleni, nalo lina jina la marehemu. Wanaume wengi huficha majonzi wakidhani kulia ni udhaifu. Yeye aliyaweka wazi, kwa adabu na kwa dua, bila ya kumlalamikia Mola wake. Katika maisha yake alioa mara tatu, na nyumba yake ilijua furaha na msiba.

Kisha ikaja hofu ya malezi. Mzazi aliyefiwa na mwenzake hujiuliza usiku: nami nikiondoka leo, nani atawafundisha hawa? Karani asiye na mali atawaachia nini? Hakuwa na mashamba makubwa wala nyumba za kupangisha. Alikuwa na kalamu. Basi akawatungia tenzi mbili. Utenzi wa Hati ni wa binti yake, na Utenzi wa Adili ni wa mwanawe wa kiume. Ndani yake mna mawaidha juu ya dini, heshima kwa wazazi, usafi, adabu, kazi na kuishi vizuri na watu.

Angalieni mambo mawili hapa. Kwanza, alimwandikia mtoto wa kike na mtoto wa kiume. Hakusema kwamba mawaidha ni ya wavulana, na kwa binti jiko linatosha. Pili, alifuata njia iliyotangulia. Qurani inatusimulia habari za Luqman akimuusia mwanawe. Na katika pwani yetu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao unajulikana mpaka leo. Mama yule na baba huyu walikuwa na hofu moja, na wote wawili waliigeuza hofu hiyo kuwa urithi.

Wasiwasi mwingine ulikuwa juu ya vitabu vyake. Kuandika ni jambo moja, kuchapisha ni jambo jingine. Siku zile wachapaji wa vitabu vya Kiswahili walikuwa wachache, na wengi walikuwa mbali. Baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa Afrika Kusini, na vingine na kampuni za Uingereza. Mswada ulifungwa, ukapelekwa posta, kisha mtu akangoja. Kufikirika alikiandika mwaka 1946, lakini kilichapishwa 1967. Hiyo ni miaka 21, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Jiulize, ewe mwanafunzi unayekata tamaa kwa kukosa alama katika jaribio moja: ungeweza kuandika kitabu kingine huku cha kwanza kimelala bila jibu? Yeye aliandika kingine, na kingine tena.

BARUA KWA NDUGU YAKE

Njia mojawapo iliyotuwezesha kumjua vizuri ni barua zake. Alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye waliandikiana kwa miaka mingi. Barua alizoziandika kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zikatolewa kitabu.

Ni barua za mambo ya nyumbani: habari za jamaa, afya, fedha, watoto, na maendeleo ya vitabu vyake. Mtu anayesifiwa nchi nzima kwa mashairi yake, katika barua ni kaka tu anayemjulia hali mdogo wake na kumweleza yaliyomsibu.

Hapa pana somo kubwa kuhusu kuunga udugu. Kuhamishwa kituo hakukumfanya asahau damu yake. Alitia wino, akaandika, akaweka stempu. Sisi leo tuna simu mkononi, ujumbe unafika Tanga kabla maji ya chai hayajachemka, lakini wapo ndugu hawajajuliana hali tangu Idi iliyopita. Tena yeye barua zake zilitunzwa zikawa elimu. Ujumbe wetu mwingi wa simu unafutwa siku hiyohiyo, na pengine ni kheri ufutwe.

HESHIMA ALIZOPATA NA KIFO CHAKE

Kazi yake haikupita bila kuonekana. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoshughulikia usanifishaji na uendelezaji wa lugha. Alitunukiwa medali ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Lakini mtu huyohuyo aliyepewa nishani na watawala ndiye aliyeandika Kusadikika, kitabu kinachoonyesha jinsi watawala wanavyoweza kumshitaki mtu kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Alisema alichokiona, kwa hekima na kwa mfano, mahali ambapo kusema wazi kungemponza.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliiona siku hiyo, lakini hakukaa sana. Alifariki tarehe 20 Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui, karibu na alikozaliwa. Alikuwa ameonja pensheni miaka miwili tu.

Baada ya kifo chake vitabu viliendelea kutoka: Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968, na vingine. Dar es Salaam kuna mtaa na shule ya sekondari yenye jina lake. Wakubwa wake wa ofisini waliokuwa wakimtuma faili, ni nani anayeyakumbuka majina yao leo?

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu zangu, tukiyaangalia maisha haya tunapata mafunzo yafuatayo:

1. Kipaji ni amana. Mwenyezi Mungu akikupa kupenda jambo la halali, lifanyie kazi. Wapo wazazi wanaomgombeza mtoto akionekana na kitabu cha hadithi, wakisema anapoteza muda. Ikiwa ameswali, amedurusu na amefanya kazi za nyumbani, tumwache asome. Hatujui Allah amemwandalia nini.

2. Kazi ndogo si aibu. Ukarani wa forodha haukumzuia kuwa mwandishi, na uandishi haukumfanya azembee ofisini. Kuchunga, kulima vitunguu au ngano, kuuza duka, kushona, vyote vinaweza kwenda pamoja na elimu.

3. Hofu itumike, isitutumie. Yeye alihofia watoto wake, akawaandikia mawaidha. Mzazi anayehofia watoto wake leo asiishie kuguna na kulalamika kwamba vijana wameharibika. Akae nao, aseme nao, awaandikie ikiwezekana.

4. Huzuni ni ya mwanadamu. Kumlilia marehemu kwa huruma, bila kupiga makelele ya kumkufuru Mola, si kosa. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

5. Subira katika kazi. Si kila jema lina malipo ya haraka. Mengine mtu huyapanda na wengine huja kuyavuna.

Tumefundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea dua. Shaaban Robert, katika ukarani wake na shida zake, alishughulika na elimu na watoto mpaka mwisho. Kukubaliwa kwa amali ni kwa Allah peke yake, Naye ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni. Tunamwomba amrehemu, amsamehe alipokosea, na aifanye elimu aliyoiacha iwe yenye manufaa kwake na kwetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shaaban Robert alizaliwa mwaka gani na wapi?
2. Alifanya kazi ya forodha kwa miaka mingapi?
3. Taja tenzi mbili alizowatungia watoto wake.
4. Ni jambo gani la halali unalolipenda kuliko mengine? Muulize mzazi wako naye alipenda nini alipokuwa na umri wako, kisha andika ukurasa mmoja.